Usingizi wa Bi Mkasi

Siku Bi Mkasi alipokata suruali sabini zenye miguu ya kushoto tu, karakana nzima iliangua kicheko isipokuwa yeye mwenyewe.

Walicheka kwa sababu walidhani ni mzaha wake, na hawakuwa na kosa kudhani hivyo. Kwa miaka thelathini na mmoja mama huyu alikuwa amesimama mbele ya meza ileile ndefu ya kukatia, chaki sikioni, na mdomo wake ulikata kuliko mkasi wake. Wateja hakuwaita kwa majina yao, aliwaita kwa vipimo. Kulikuwa na Bwana Kiuno Arobaini na Sita, kulikuwa na Bibi Mikono Mirefu, na kulikuwa na mwalimu mkuu mmoja aliyejulikana pale kama Bega Moja Juu. Kuna siku mteja alirudi akifoka kwamba suruali yake mpya inambana. Bi Mkasi akamzunguka mara mbili, taratibu, kisha akasema, "Suruali haina kosa, kaka yangu. Ni wewe umeiingia bila kubisha hodi." Yule bwana alikuja kugomba, akaondoka akijifuta machozi ya kicheko.

Basi asubuhi ile mshonaji wa mashine ya tatu aliinua vipande viwili vya sare za shule, akavigeuza huku na huku, akauliza kwa sauti, "Jamani, hawa wanafunzi wana miguu ya namna gani?" Watu wote wakamgeukia Bi Mkasi. Walijua anakuja na lake.

Hakuja na lake. Alikwenda mpaka kwenye mashine, akavichukua vile vipande, akavilaza mezani. Akavitazama. Akavipindua. Akavitazama tena.

"Vina nini?" aliuliza.

Hapo ndipo kicheko kilipolipuka. Mama Pasi, rafiki yake wa miaka mingi aliyekuwa akinyoosha nguo pale dirishani, alijishika mbavu akataka kukaa chini. Lakini alipoinua macho akamwona mwenzake usoni, alinyamaza ghafla kama redio iliyokatiwa umeme. Bi Mkasi hakuwa akitania. Alikuwa ameuliza kweli.

Ilibidi waeleze mara tatu. Kitambaa kile kina uso na mgongo. Mkataji hukitandaza tabaka juu ya tabaka, hili limetazama juu na lile limetazama chini, ili anapokata mguu wa kushoto, wa kulia uzaliwe papo hapo chini yake. Yeye alikuwa ametandaza tabaka zote zikitazama juu. Kazi ambayo siku zote angeweza kuifanya macho yamefumba, leo ameifanya macho wazi ikamshinda. Akaitikia, "Ndiyo, ndiyo, naona," lakini hakuwa anaona. Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile, na kichwani palikuwa na ukungu mzito, kama kona ya Mama Pasi mvuke unapojaa.

Msimamizi wao alikuwa bwana mwembamba anayekaribia hamsini, mwenye futi ya kupimia shingoni muda wote, hata wakambandika jina la Bwana Futi. Alimwita pembeni.

"Dada yangu, pumzika wiki mbili."

"Unanifukuza?"

"Nani kataja kufukuza? Nimesema upumzike."

"Sasa tofauti yake iko wapi?"

Bwana Futi alicheka, akidhani mizaha imeanza kurudi. Bi Mkasi akamshangaa anacheka nini. Yeye aliuliza swali na alikuwa anangoja jibu.

Alikuwa na miaka hamsini na mitano, na usingizi ulikuwa umemtoroka, hata hakujua ulianza lini. Haukuaga. Alichokumbuka ni joto. Alikuwa akilala saa nne usiku vizuri tu, lakini ikifika saa nane anagutuka ametota kama mtu aliyemwagiwa ndoo ya maji, shuka imemganda mgongoni. Joto likiondoka linakuja baridi, na baridi ikiondoka jicho linabaki kavu. Hapo hulala chali akinyooka kama ubao, hajitikisi, kwa sababu pembeni yake mumewe anakoroma.

Mumewe alikuwa fundi redio, na mtaani hadi leo wanamwita Bwana Waya. Mwaka mmoja na nusu uliopita alifunga kibanda chake cha ufundi, macho yalipoanza kumwonyesha waya mmoja kuwa wawili. Alikoroma kwa mpangilio mzuri, kama mtu anayepasua mbao kwa kulipwa. Na mkewe alimwonea huruma. Mtu aliyeinamia redio za watu miaka arobaini, nani amnyime kukoroma? Kwa hiyo Bi Mkasi alijinyoosha akahesabu mikoromo mpaka dirisha lilipopata weupe. Usingizi wenyewe ulimjia alfajiri, kama mgeni anayefika watu wakishafunga mlango, ukamkalia nusu saa, kisha kengele ya saa ikalia.

Hayo angeyavumilia. Yaliyomtisha ni vitu. Asubuhi moja alitafuta miwani yake nyumba nzima, akaikuta ndani ya kopo la sukari. Sukari yenyewe alikuwa ameikuta juzi yake ndani ya friji, imeganda kama tofali. Siku nyingine aligusa birika saa kumi na moja alfajiri, likawa na uvuguvugu, wakati nyumba ina watu wawili na wote walikuwa kitandani. Alisimama pale jikoni na mkono juu ya birika, akajiuliza: ni mimi? Nimeamka, nimechemsha chai, nimekunywa, nimerudi kulala, na sikumbuki? Akanusa vidole vyake kama vitamwambia.

Alikumbuka mama yake mzazi. Bibi yule alikuwa mtu wa akili timamu na maneno machache, lakini miaka yake ya mwisho alikuwa akisimama mbele ya kioo na kukikaribisha chai. Watoto walicheka kwanza, kisha wakaacha. Bi Mkasi alipolikumbuka hilo alivaa miwani yake yenye chembe za sukari, akaenda kazini, na hakumwambia mtu.

Mizaha nayo ikaanza kumponyoka. Kutania kunataka ujue unakoelekea, na yeye alikuwa akianza hadithi vizuri na kupotea katikati. Mchana mmoja, wakila pamoja, Mama Pasi alimwomba arudie ile ya suruali na hodi. Akaanza. Akafika pale mteja anapofoka, akasita, kijiko kikabaki hewani.

"Akasema inambana," alisema.

"Ehe?"

"Basi. Ilikuwa inambana."

Wakaendelea kula.

Siku ya kwanza ya mapumziko aliamka, akaoga, akavaa, akafika mlangoni na mkoba begani ndipo akakumbuka kwamba hana pa kwenda. Siku ya pili alikuja binti yake, mwalimu wa hesabu, mtu ambaye hata ushauri huutoa kwa mafungu. Alisema, "Mama, usinywe chai baada ya saa kumi. Lala saa moja kila siku, na uamke saa moja. Na usilale mchana hata kidogo, usingizi wa mchana unakula wa usiku."

"Nilale saa moja? Jua halijatua vizuri?"

"Saa moja ileile kila siku, mama. Yaani muda uleule."

"Sasa muda gani?"

"Wowote, mradi uwe uleule."

Binti alipoondoka akaingia jirani wa ukuta wa pili, akasema maziwa ya moto ndiyo dawa. Jirani wa ghorofa ya juu akasema maziwa yatamwamsha kwenda msalani, asinywe kitu chochote. Jioni Mama Pasi akapita kumjulia hali, akamwambia Bwana Futi ameshaagiza kitambaa kingine cha rangi ileile, miguu ya kulia inakatwa, hakuna kilichoharibika, wanafunzi watakuwa na suruali mara mbili ya walizoagiza na shule ya jirani imekubali kuzichukua. Kisha akaongeza, "Na wewe lala mchana, shoga. Mwili ukidai, ulipe."

Bi Mkasi alibaki ameshika tama. Alikunywa maziwa nusu glasi, kwa kuwa hakujua afuate la nani, akaenda kunyooka kama ubao.

Siku ya nne, saa nane mchana, alijilaza kwenye kochi la sebuleni akajifunika uso kwa kipande cha pamba nyepesi, kile cha kukingia mwanga. Hakuwa amelala. Alikuwa anabishana moyoni kama kulala mchana ni dawa au ni sumu. Kitambaa kilikuwa chepesi kiasi kwamba sebule yote aliiona kupitia nyuzi zake, imefifia kidogo kama picha ya zamani.

Bwana Waya akaingia akinyata. Akasimama juu yake, akainama kumsikiliza anavyopumua. Akaridhika. Miwani ya mkewe ilikuwa pembeni ya mto, mahali ambapo angeweza kuilalia, naye akaichukua kwa vidole viwili kwa upole mkubwa, akatembea nayo mpaka jikoni. Kutoka kwenye kochi jiko lilionekana lote. Aliwasha moto, akaweka birika, akapiga mwayo uliomfungua mdomo mpaka mkewe akahofia taya zake. Akafungua kopo la sukari. Akachota kijiko. Akataka mkono wa pili wa kukorogea, akagundua umeshika miwani, akaitazama kama anayejiuliza nani kamkabidhi. Akaitia kwenye kopo la sukari. Kopo akaliweka kwenye friji. Maziwa, yaliyopaswa kukaa kwenye friji, akayaweka kabatini.

Bi Mkasi aliinuka na kitambaa bado usoni.

"Baba watoto!"

Mzee wa watu aliruka nusura aunguze kiwiko. "Wewe si umelala?"

"Miwani yangu iko wapi?"

Bwana Waya alijipapasa mfuko wa shati. Akajipapasa wa suruali. Akageuka huku na huko, uso mtupu kabisa. "Nilikuwa nayo sasa hivi," alisema. Alivuta kigoda akakaa. "Mke wangu, sitaki kukuficha tena. Mimi kichwa kimeanza kuharibika."

"Wewe?"

"Vitu vinanipotea. Bisibisi yangu nyembamba niliikuta kwenye mkebe wako wa chaki. Kitabu changu cha redio kilikuwa chini ya godoro. Sikukuambia, nikasema una kazi, una uchovu wako, nisikuongezee."

"Bisibisi niliiweka mimi," alisema Bi Mkasi polepole. "Nilidhani ni kalamu."

"Na kitabu?"

"Kitanda kilikuwa kinayumba usiku. Nilikisokomeza asubuhi, sijalala hata kidogo."

"Usiku gani? Usiku wewe unalala fofofo. Mimi ndiye nisiyelala."

"Usiyelala? Na ile mikoromo yote?"

Bwana Waya aliinamisha kichwa. Kwa kweli aliona haya, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Alieleza kwamba tangu afunge kibanda, usingizi umemgomea. Mwili hauchoki, basi usingizi utokee wapi? Na kwa kuwa mkewe lazima aamke kwenda kazini, hakutaka ajue kwamba pembeni yake kuna mtu anakodolea macho dari. Ndiyo maana alikoroma. Alikoroma kwa makusudi, usiku kucha, mpaka koo likamkauka. Alfajiri mkewe alipotulia kabisa, ndipo aliponyata jikoni kuchemsha chai ya kulainisha koo, akasuuza kikombe, akarudi kitandani kukoroma tena.

Bi Mkasi alikitoa kile kitambaa usoni. Mwaka mmoja na nusu, watu wawili wamelala bega kwa bega kama mbao mbili dukani, kila mmoja akilinda usingizi wa mwenzake, na usingizi wenyewe haupo kwa yeyote. Hakujua akasirike au alie. Alitaka kucheka, akahisi pale ambapo kicheko hukaa, hapakuwa na kitu bado.

"Sasa tuhesabu," alisema. "Sukari ni wewe."

"Ni mimi."

"Birika ni wewe."

"Ni mimi. Betri kwenye kiatu changu?"

"Mimi, nadhani. Na pasi iliyokuwa ndani ya sanduku la nguo za baridi?"

"Hiyo si mimi."

"Mimi pia si mimi."

Wakatazamana. Nyumba ilikuwa na watu wawili tu. Walilizungumza jambo la pasi mpaka chai ikapoa, na mpaka leo halijapata mwenyewe.

Kesho yake walikwenda zahanati pamoja. Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani ya kamba shingoni, na alipokuwa akiwasikiliza alipiga mwayo mara mbili akaomba radhi mara mbili. Bi Mkasi alimwambia yote, mpaka la mama yake na kioo. Hilo la kioo mumewe alikuwa hajui kwamba ndilo lililokuwa likimsumbua, akamshika mkono.

"Nikuulize maswali machache ya kupima kumbukumbu," alisema daktari. "Leo ni siku gani?"

Bi Mkasi alifikiri. Alifikiri sana. "Sijui, daktari. Niko likizo."

Daktari alitabasamu, akaandika kitu. Bi Mkasi akanyoosha shingo kuona ameandika nini.

"Toa saba kwenye mia, halafu endelea kutoa saba."

"Tisini na tatu. Themanini na sita." Akakwama. "Themanini na sita toa saba... Daktari, haya hata nikiwa na miaka ishirini yangenishinda. Mwite binti yangu."

"Sabini na tisa," alisema Bwana Waya kwa kiburi kidogo.

"Sikukuuliza wewe, mzee. Wewe niambie ulikula nini jana usiku."

Bwana Waya akamgeukia mkewe amkumbushe.

Daktari alipima damu, akapima presha, akauliza habari za joto na jasho. Alisema joto lile ni la umri, linawapata wanawake wengi, na lina njia za kulipunguza ambazo watazijaribu moja moja. Alisema mtu asiyelala kwa miezi mingi, kichwa chake hujaa ukungu hata akiwa na akili za majaji, na kwamba kwa anavyoona si ugonjwa wa mama yake, ila arudi baada ya miezi mitatu ili waangalie tena. Bi Mkasi alishikilia lile neno "kwa anavyoona" njia nzima ya kurudi, akiligeuza upande huu na ule kama kipande cha kitambaa ambacho hajui uso wake ni upi.

"Na kukoroma kwa makusudi," daktari alimwambia Bwana Waya mlangoni, "koma."

Daktari ndiye pia aliyewashauri walale vyumba tofauti kwa muda, kila mtu agaegae anavyotaka bila kumwogopa mwenzake. Wakakisafisha chumba cha zamani cha binti yao. Mashuka mazito yakatolewa, dirisha likaachwa wazi. Usiku wa kwanza wote wawili walipigiana simu, mmoja huku na mwingine kule, kuulizana kama mwenzake amelala. Usiku wa pili Bi Mkasi alipata saa tatu mfululizo. Wa tatu hakupata kitu. Ukawa mwendo wa kupanda na kushuka hivyo, mpaka ikafika Jumatano, siku ya mwisho ya mapumziko.

Jumatano ile baada ya chakula cha mchana alijitupa kitandani kwa dakika tano tu. Usingizi ulimchukua mzima mzima, viatu miguuni. Hakuota, hakusikia joto, hakusikia simu ya binti yake iliyolia mara nne. Alipofumbua macho, dirisha lilikuwa na mwanga wa kijivu, na saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na mbili na robo.

"Mungu wangu," alisema, "nimelala mpaka asubuhi!"

Alifurahi, kisha akashtuka, maana kazi ilikuwa inaanza saa moja na nusu na hakutaka kuchelewa siku ya kurudi. Akanawa uso. Nguo alikuwa nazo mwilini, akaona ni baraka. Mumewe hakuwemo, akadhani ameenda kutembea kama daktari alivyomwagiza. Akatia mkate mkobani, akatoka.

Uani jirani wa ghorofa ya juu alikuwa akianua nguo.

"Umeamkaje, mama?" Bi Mkasi alimsalimu kwa uchangamfu.

Jirani alisita, shati mkononi. "Nime... nimeamka salama."

"Mbona unaanua mapema hivi? Zitakauka saa ngapi?"

Jirani akatazama nguo, akamtazama yeye, akatazama mbingu. Bi Mkasi hakungoja jibu. Barabarani wenye maduka walikuwa wakihangaika na milango yao ya chuma, akaona wengine wanafungua kwa kuishusha, akasema moyoni kila mtu na utaratibu wake. Watoto walipita wamevaa sare, mashati yametoka nje, soksi zimeshuka. Shule za siku hizi, alifikiri, mtoto anaanza siku tayari amechafuka. Jambo moja tu lilimtatiza: jua. Lilikuwa juu ya paa la ghala la mbao, upande ambao asubuhi halijawahi kukaa. Alisimama njia panda akalikazia macho. Jua halikusema kitu. Akaendelea na safari, ila hatua zilipungua kasi.

Langoni mwa karakana alimkuta mlinzi wa usiku, mzee mwenye kofia nyekundu waliyemwita Kamanda, anakunja koti lake kwenye kiti.

"Pole na kukesha, Kamanda. Sasa kalale."

"Nilale tena? Ndio kwanza naingia, mama."

"Unaingia asubuhi siku hizi?"

"Asubuhi ipi?"

Kabla hajajibiwa, mlango ukafunguka, washonaji wakaanza kutoka wakijinyoosha migongo. Mama Pasi alikuwa mbele, mkoba begani.

"Mbona mnatoka?" Bi Mkasi aliuliza. "Kuna nini, moto?"

"Tunakwenda nyumbani."

"Hata saa moja na nusu haijafika, mmeshachoka?"

Wakacheka. Mshonaji wa mashine ya tatu akampigia makofi: Bi Mkasi amerudi! Lakini Mama Pasi, ambaye alishacheka vibaya mara moja, alimsogelea akamshika kiwiko.

"Shoga. Unajua sasa hivi ni jioni?"

Bi Mkasi alitazama ghala la mbao. Alitazama watoto wenye soksi zilizoshuka, wanaelekea majumbani. Akaigusa alama ya mto, bado imejichora shavuni mwake.

"Jioni," alisema.

"Jioni."

"Ya leo?"

"Ya leo, mpenzi wangu."

Kisha kitu kikaanza kumtekenya tumboni, chini kabisa, mahali ambapo kwa miezi palikuwa patupu. Kikapanda. Bi Mkasi alishika nguzo ya lango, akakaa kwenye kiti cha Kamanda juu ya koti lake, akacheka mpaka sauti ikakatika, akabaki anatikisika tu na machozi yanamtiririka. Alicheka jirani na nguo zake, akacheka jua, akacheka mkate uliokuwa mkobani. Wengine nao wakavutwa, na Kamanda akacheka kuliko wote ingawa hakuelewa.

Bwana Waya alitokea akihema, balbu mpya mkononi, maana alikuwa ametoka dukani akakuta kitanda kitupu, na jirani akamwambia mkewe ameshika njia ya karakana.

"Umekuja kufanya nini huku?" alifoka kwa hofu.

"Nimewahi kazini," alijibu mkewe akijifuta macho. "Kama saa kumi na tatu hivi."

Walirudi nyumbani polepole, na njiani alimsimulia yote. Alisimulia moja kwa moja mpaka mwisho, bila kupotea katikati. Usiku ule, lakini, hakulala hata lepe. Alikuwa ameshalala mchana. Asubuhi alifika kazini amechoka kama zamani, akakitandaza kitambaa tabaka hili juu, tabaka hili chini, akimwita Mama Pasi kila baada ya tabaka kumi aje kuhakikisha.

Miezi imepita. Kuna wiki analala vizuri na wiki anakesha, na joto limepungua kwa dawa alizopewa. Daktari amemwona tena, akamuuliza ni siku gani, akajibu sawasawa, halafu wote wawili wakabishana tarehe. Mumewe amepata kazi ya kuwafundisha wazee wenzake kutengeneza redio kwenye chumba cha mkutano cha mtaa, mara tatu kwa wiki, na anarudi amechoka vya kutosha kukoroma kweli. Kukoroma kwa kweli hakufanani kabisa na kule kwa makusudi. Ni kubaya zaidi. Bi Mkasi husikia hata kupitia ukuta.

Bwana Futi alimkubalia nusu saa baada ya chakula cha mchana akajinyooshe kwenye chumba cha nyuma, juu ya mabunda ya vitambaa, awe amelala au la. Ilikuwa ruhusa yake peke yake, na wengine hawakuinung'unikia, kwani mchana akirudi kutoka kule ndipo mdomo wake unapokuwa mkali zaidi.

Juzi alikwenda kama kawaida. Akasukuma mlango, akakuta mahali pake pana mtu. Bwana Futi mwenyewe alikuwa amelala juu ya bunda la kitambaa cha kijani, mdomo wazi, futi imemzunguka shingo mara mbili, miguu inaning'inia. Akakoroma. Bi Mkasi alisikiliza kwa makini, kwa kuwa siku hizi amebobea katika mambo ya kukoroma, lakini hakuweza kujua kama mkoromo huu ni wa kweli au wa makusudi.

"Bwana," alinong'ona. "Unaumwa?"

Bwana Futi akaendelea kukoroma. Akasimama pale na kitambaa chake cha kujifunika uso mkononi, asijue amwamshe, au atoke, au ajilaze kwenye bunda la pili na watu wakiwakuta waseme nini. Mwishowe alimfungua futi shingoni ili isimnyonge, akaitazama, akatafuta mahali pa kuiweka ambapo ataikumbuka. Palikuwa na kopo la vifungo juu ya rafu. Akaitia humo, akafunga kifuniko, akajilaza.